Makoye na Vidonge Vyake vya Nywele

Watu walikuja Tarime kuchimba dhahabu, Makoye akaishia kuchimba nywele.

Alitoka Usukumani miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu, walipokuwa wakishuka kwenye magari ya kila mkoa na magodoro mgongoni, kila mmoja akijiona tajiri aliyechelewa tu kufika. Wengine walikuja na sururu, wengine na karai, wengine na midomo mitupu. Makoye alikuja na mikono, hilo tumpe. Alichimba mpaka akapata sehemu yake kwenye duara moja, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, kisha akanunua pikipiki, redio na kofia. Pikipiki aliwaazima watu. Redio aliwaazima watu. Kofia hakuna aliyeigusa, na kichwani haikutoka, jua liwake, mvua inyeshe.

Bibi Wankyo wa Gorong'a alimwona akipita na kofia yake, mrefu, kifua kama mlango wa zizi, akasema moyoni: huyu atanifaa.

Mtu asimfikirie vibaya. Bibi Wankyo alikuwa mtu mzima, meno ya mbele yameshamuaga, na mwanaume wa kwake mwenyewe alishasahau hata namna anavyokoroma. Alimtaka kwa ajili ya mji. Mumewe alikuwa amekufa. Mungu alimpa mabinti, wote wakaolewa wakaenda zao. Mtoto wa kiume hakupewa. Sasa kwa Wakurya mji wa namna hiyo hauachwi ufe hivi hivi. Mama mwenye ng'ombe anaoa. Anatoa mahari kama mwanaume yeyote, analeta binti, na watoto atakaozaa yule binti ni watoto wa ule mji, wanaitwa kwa jina la ule mji, wanarithi pale. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Mwanaume anatafutwa wa kuzaa naye tu. Anakuja, anakula, analala, anaondoka. Mtoto si wake na neno si lake.

Bibi Wankyo alikuwa amemuoa Bhoke, msichana mwenye maneno machache na macho makali. Bhoke hakuburutwa. Alikuwa ameshakaa kwa mwanaume mmoja kule Sirari aliyekuwa na mkono mwepesi wa kupiga, akamkimbia, na wazee walipomuuliza kama atakubali kuolewa na mwanamke mwenzake alijibu kwamba mama huyu angalau hanuki pombe.

Kwa hiyo mke alikuwepo, ng'ombe walishatoka, kilichobaki ni mtoto. Na mtoto alikuwa anahitajika upesi, maana upande wa chini wa shamba la Bibi Wankyo watu walikuwa wameanza kuokota mawe yanayong'aa. Tangu siku hiyo Werema, mtoto wa shemeji yake, hakukosa njia ya kupita pale.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, Werema. Umepotea njia tena?"

"Napita tu kukusalimia. Mji umepoa, mama. Hakuna hata mtoto wa kulia." Huku macho yake yanapima shamba kutoka mti hadi mti. "Wazee wa ukoo wanasema mpaka mavuno yajayo. Kama hakuna mtoto wala mimba, shamba lirudi kwa ukoo. Si mimi ninayesema. Mimi nasubiri tu."

"Subiri, baba. Ila kaa chini, miguu isije ikakuvimba."

Akamtazama mpaka akapotea. Werema hata kutembea kwake kulikuwa kwa mtu anayekanyaga kitu chake.

Hiyo ndiyo sababu Bibi Wankyo hakutaka mwanaume wa jirani. Wa jirani wana shangazi. Mtoto akizaliwa, shangazi wanakuja kuangalia pua na masikio, wanasema hii pua ni ya kwetu, kesi inaanza. Makoye alikuwa mtu wa mbali, shangazi zake wako huko Shinyanga, nauli peke yake ingewakatisha tamaa. Akaitwa, akaelezwa, akakubali haraka mno. Bhoke akasema, "Sawa." Hakuulizwa sana.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Makoye alikuja jua likizama, akapewa ugali wa mtama na mihogo, na nyama, na kichuri, ile supu yenye nyongo inayowapa wanaume wa huku majivuno yasiyo na sababu. Mtoto hakuingia mara moja, lakini Bibi Wankyo hakuwa mtu wa haraka. Alishafuga ng'ombe maisha yake yote. Anajua kungoja.

Kisha siku moja Makoye alifika amenuna, akakataa hata nyama. Bhoke akamuuliza kilichomsibu. Bibi Wankyo alikuwa upande wa pili wa ukuta akipepeta mtama, na ukuta wa miti na udongo haufichi kitu.

"Nimeamkiwa," alisema Makoye.

"Na nani?"

"Yule msichana anayeuza chai kambini. Nilivua kofia ninawe uso, akaniona, akasema shikamoo. Shikamoo! Mimi! Umri wangu na wake tungeweza kucheza mpira pamoja!"

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Ungeitikia tu," Bibi Wankyo alisema kutoka kule kwenye ungo. "Marahaba haikatwi kodi."

Kumbe ndiyo siri ya kofia. Makoye alikuwa na kipara. Si kile cha mzee wa heshima kilichokamilika, hapana, kilikuwa cha vipande: mbele pamerudi nyuma, utosini pamefunguka, katikati pamebaki kichaka kimoja kinachojipa moyo. Wenzake wa duarani walikuwa wakimtania kwamba akishuka chini asivae tochi, ainamishe kichwa tu, watu wataona mwamba. Yote hayo aliyavumilia. Lakini shikamoo ilimwua.

Bibi Wankyo alikaa na jambo hilo akaliona halina kichwa wala miguu. Yeye shikamoo aliingojea. Alizaa, akazika, akalima mawe, ndipo watu wakaanza kumwamkia kwa heshima, na kila akiamkiwa alihisi amelipwa kidogo. Hili jitu limepewa bure, linalia. Na nywele ni nini? Yeye alinyoa zake kwa wembe kila zilipofika urefu wa kiganja cha panya, akaona kichwa kinapata hewa.

Wiki iliyofuata Makoye alikuja na mfuko wa nailoni. Aliketi uani, akavuta kigoda, akapanga juu yake vidonge vya namna tatu, kama mwalimu anayepanga chaki mbele ya wajinga.

"Bhoke, njoo ujifunze. Mama, na wewe njoo. Nimemaliza habari ya kipara."

Wakaja. Mtu akisema amemaliza habari ya kipara unakwenda kuangalia.

"Hiki cha kwanza kinaitwa finasteraidi. Nilikwenda kwa daktari mjini, ndiye aliyeniandikia. Nywele za mwanaume hazianguki hivi hivi, kuna kitu ndani ya damu ya kiume kinazikaba shingo. Hiki kinakizuia. Hiki cha pili, hiki chenye mafuta ndani, ni dutasteraidi. Ni kaka yake. Kazi ni ileile, ila mwenyewe ana nguvu zaidi: kile kitu kina milango miwili, mdogo wake anabana mmoja, yeye anabana yote. Hiki cha tatu ni minoksidili. Hiki kilikuwa dawa ya presha. Wagonjwa wa presha wakameza, wakaota nywele, wazungu wakashtuka. Ukimeza kidogo kidogo, mizizi ya nywele inaamka."

"Kwa hiyo nywele zako zina presha," alisema Bibi Wankyo.

"Hapana, mama, hujanielewa."

"Nimekuelewa."

Bhoke aliinama akaviangalia. "Daktari alikuandikia vyote vitatu?"

"Aliniandikia hicho kimoja. Akasema nimeze kila siku, nirudi baada ya miezi mingi, ndipo ataona kama kinafaa. Miezi! Yule amezoea kukaa ofisini. Mimi ni mchimbaji. Hivi viwili nimevipata kwa jamaa anayepita kambini na begi."

"Anayeuza betri?"

"Betri, ndiyo. Na dawa."

Kisha akawaeleza mpango wake, na hapo ndipo Bibi Wankyo alipojua kwamba ukubwa wa kifua si ukubwa wa akili. Duarani, alisema Makoye, ukikuta miamba mitatu huwezi kuchimba yote, utafilisika. Unatoa sampuli kila mwamba. Unaponda, unatia kwenye karai na maji, unaosha, unaangalia chini kama kuna mng'aro. Usipouona, huombi, hulii, unahamia mwamba wa pili. Na vidonge ni hivyo hivyo. Kila kimoja atakimeza kwa wiki moja. Mwisho wa wiki ataosha kichwa kwenye karai, aone.

"Aone nini?" Bhoke aliuliza.

"Nywele zilizoanguka. Zikiwa nyingi, hicho hakina kitu. Zikiwa chache, hapo ndipo penye mali."

Bhoke alimtazama mama yake wa mji. Bibi Wankyo alitazama mbuzi.

Na kweli akafanya. Ilikuwa aibu kuangalia, lakini waliangalia. Mwisho wa wiki ya kwanza aliinama uani bila kofia, Bhoke akimmwagia maji, karai la kuoshea vyombo likiwa chini. Akasugua. Halafu akalishika karai kwa mikono miwili, akalizungusha taratibu, akimwaga maji kidogo kidogo ukingoni, macho yamekodolewa, kama vile anaosha mchanga wa dhahabu. Chini zikabaki nywele, nyeusi, zimejikunja kama miguu ya buibui.

"Nyingi," alisema kwa uchungu. "Hiki hakina kitu. Nahama."

Akahamia cha pili. Akaosha. Nyingi vilevile. Akahamia cha tatu. Zilianguka kwa wingi zaidi, akatukana mtu wa begi, akarudi kwa cha kwanza, akakaa siku chache akakosa uvumilivu, akarudi kwa kaka yake, kile chenye mafuta. Mtu mzima, mwenye duara, aliyeaminiwa na wenzake kushika kamba wakiwa chini ya ardhi, alikuwa anahama hama kati ya vidonge kama mbwa aliyeitwa na watu watatu.

Baadaye nywele zikaota. Hilo nalo tumpe. Ziliota mashavuni, juu karibu na macho. Ziliota masikioni. Mikono ikawa na manyoya mpaka vidoleni. Kichwani palibaki palepale. Miguu ilimvimba, buti za duarani zikakataa kuingia, na akipanda ngazi za shimo moyo ulimwenda mbio mpaka anakaa njiani kupumua huku wenzake wa chini wakimpigia kelele asogee. Yeye alisema ni dalili kwamba dawa inatembea.

Ikawa siku moja wako jikoni, Bibi Wankyo anakoleza moto na Bhoke anachambua mboga. Bhoke akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, huyu mtu wako anakuja kula tu."

"Kula nini?"

"Ugali."

Bibi Wankyo akaacha moto. "Tangu lini?"

"Tangu alipoingia kwenye vile vya mafuta. Mwanzo nilifikiri amechoka. Anafika, anakula, anajinyoosha kama gogo, anageukia ukutani. Nikimgusa anasema duara limemchosha. Nikimuuliza anakasirika."

"Yeye anasemaje?"

Bhoke alikata shina la mboga kwa nguvu kidogo. "Anasema mimi ndiye sina mvuto."

Bibi Wankyo alichukua kijiti akachokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa. Mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke. Mavuno hayakuwa mbali. Yeye anamlisha dume nyama, anamlisha kichuri, na dume linameza vitu vya kulifanya lisahau kazi lililoitiwa, kisha linamsingizia mtamba.

Jioni ile Makoye alipoinama kwenye karai lake, macho yamejaa sabuni, Bibi Wankyo alichukua kidonge kimoja cha kila namna kutoka mfuko wa nailoni, akavifunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi alikwenda Tarime mjini.

Alikwenda kwa Maftah. Babu yake Maftah alitoka pwani zamani, akashona kanzu pale mjini, watoto wakabaki, na mjukuu alisomea dawa akafungua duka. Alikuwa kijana mtaratibu, anayemwacha mtu amalize kusema, jambo ambalo Bibi Wankyo alilikuta kwa watu wachache.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na wa nyumbani?"

"Hatujambo. Bibi unaumwa?"

"Mimi siumwi. Ninaumwa na mtu." Akafungua pindo, akaviweka juu ya kaunta. "Hivi vinaliwa na mwanaume anayetaka nywele. Niambie kimoja kimoja. Taratibu, nilisoma kidogo."

Maftah akavisogeza kwa kipande cha karatasi. "Huyo mwanaume ana cheti cha daktari? Maana hizi si dawa za kununua kama pipi."

"Cha hiki kimoja anacho. Hivi vingine ameuziwa na mtu wa betri."

"Lahaula." Maftah akatikisa kichwa. "Haya. Hii finasteraidi inasaidia wanaume wengi. Inazuia nywele zisiendelee kuanguka, na kwa wengine zinaota tena kiasi. Lakini lazima imezwe kila siku, miezi mitatu, sita, hata mwaka, ndipo uone. Mwanzoni nywele zinaweza hata kuanguka zaidi, za zamani zinapisha mpya. Mtu asiogope, aendelee tu."

"Yeye anaosha kwenye karai kila wiki, akiziona anahama."

"Anahama kwenda wapi?"

"Kwenye kingine."

Maftah akakisogeza kidonge cha pili. Akaendelea. "Hii ya pili, dutasteraidi, ina nguvu zaidi. Wengi wanapewa kwa ajili ya tezi dume, wakizeeka. Kwa nywele madaktari wengine wanaitoa, wengine hawataki kuanza nayo. Na hii haitoki mwilini upesi. Ukiacha leo, miezi inapita bado ipo. Ya tatu ni ya presha, inaotesha nywele, lakini haichagui mahali. Inaweza kuvimbisha miguu na kuupeleka moyo mbio. Daktari ampime kwanza, ndipo aanze na kidogo sana."

"Na mambo ya mwanaume?" Bibi Wankyo aliuliza bila kuzunguka. Alikuwa na umri wa kutozunguka.

Maftah alikohoa. "Hizi mbili za kwanza, kwa wanaume wachache, zinapunguza hamu. Jogoo hawiki. Hata mbegu zinaweza kupungua. Wengi hawapati shida, bibi, nisikudanganye. Ni wachache."

"Na mimi nikamchagua mmoja wa hao wachache."

"Akiacha hurudi, kwa wengi. Ya kwanza upesi kidogo. Ya pili itabidi angoje. Na bibi, kama nyumbani kuna mwanamke anayetafuta mimba, asishike kidonge kilichovunjika wala hicho cha mafuta kikipasuka. Si nzuri kwa mtoto wa kiume tumboni."

Bibi Wankyo akamfikiria Bhoke akimmwagia yule mtu maji kichwani. Angalau vidonge hakuwahi kumshikia.

"Kwa hiyo ipi ni bora?" aliuliza.

"Ile aliyoandikiwa na daktari wake, akiimeza hiyo peke yake, akatulia." Maftah akavua kofia yake ya kushonwa, akainamisha kichwa. Kilikuwa kinang'aa kama sahani. "Mimi ninaziuza. Mke wangu aliniambia nikianza kumeza nitamwudhi bure, ameshanizoea."

"Mpe salamu," alisema Bibi Wankyo. "Ana akili."

Njiani kurudi alikuwa ameshaamua, lakini kwake kuamua na kuhukumu ni vitu viwili. Mtu apewe nafasi. Hata ng'ombe mkorofi unampigia mluzi kabla hujachukua fimbo.

Makoye alipokuja, jua bado lipo juu, Bibi Wankyo alimkalisha uani, akamwita na Bhoke. Makoye alikuwa na furaha.

"Mama, nimegundua kosa langu! Nilikuwa nachukua mwamba mmoja mmoja. Sasa naponda wote. Asubuhi vyote vitatu kwa pamoja!"

"Makoye," alisema Bibi Wankyo, "ulipokuja hapa ulikuja kufanya nini?"

"Kusaidia mji, mama."

"Umeusaidia?"

Akatazama chini. Nywele za mashavuni zilicheza na upepo.

"Nimekwenda kwa mtu wa dawa," aliendelea Bibi Wankyo. "Hivi unavyomeza ndivyo vinavyokulaza kama gogo. Bhoke hana kasoro. Mfukoni mwako ndimo mna kasoro. Sasa sikia, sikufukuzi. Acha vyote. Rudi kwa daktari wako, mwambie ukweli, mwambie na ya miguu na ya moyo. Ungoje dawa itoke mwilini. Mimi nitakwenda kwa wazee wa ukoo, nitapiga magoti, nitaomba wanisogezee. Bhoke akishika mimba, wewe meza vidonge mpaka uote manyoya ya kondoo, hatutakuuliza. Ni hilo tu ninalokuomba."

Bhoke alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Halafu Makoye akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yao bila karai. Akavua kofia.

"Angalieni," alisema, sauti imeshuka kama ya mtu aliyeko kanisani. "Hapa. Mbele. Zimeanza."

Bibi Wankyo akainuka, akasogea, akainama juu ya kile kichwa kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Bhoke naye akaja. Wakaangalia. Palikuwa na vinyweleo, kweli, vyepesi, vyeupe vyeupe, vile vinavyokuwa kwenye kifaranga aliyetoka kwenye yai akiwa bado hajaamua kama ataishi.

"Mmeziona?"

"Tumeziona," alisema Bibi Wankyo.

"Nikiacha sasa zitaanguka. Hata zile za zamani zitaanguka. Nitaanza upya! Mama, wewe ni mtu mzima, nielewe. Acha kwanza nywele zikamilike. Mtoto anaweza kuja wakati wowote. Werema atangoja, mbona amekuwa akingoja?"

Bibi Wankyo alikuwa amemdharau mtu huyu kwa muda mrefu, na dharau yake ilikuwa imechanganyika na huruma, kama mtu anavyomhurumia mlevi anayevuka mto. Sasa huruma ikatoka ikabaki dharau tupu, safi, na alishangaa kuona jinsi ilivyo nyepesi kubeba. Hapa alikuwa ameketi mwanaume aliyepewa nyumba ya watu iokolewe kwa damu yake, akaipima na vinyweleo vya kifaranga, na vinyweleo vikazidi uzito.

"Vaa kofia yako," alisema.

"Mama?"

"Vaa, jua lisije likaviunguza. Halafu uende. Usirudi hapa, hata kwa salamu. Ukitukuta njiani tuamkie kama unavyowaamkia watu wengine."

"Ndiyo nini sasa? Nimekuja hapa muda wote huu, nimepoteza nguvu zangu—"

Bhoke akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka puani, akaziba mdomo kwa kanga, kikatoka tena.

"Nguvu zipi?" alisema.

Makoye akasimama. Alitaka kuonekana mkubwa, na alikuwa mkubwa, lakini miguu ilikuwa imevimba ndani ya kandambili na manyoya ya masikio yalikuwa yanapepea. "Mtaniona," alisema. "Nikiwa na nywele zangu mtaniona barabarani mtajuta. Mtapata wapi mwanaume kama mimi?"

"Tutajitahidi tusimpate," alisema Bibi Wankyo.

Akavaa kofia, akaichukua pikipiki yake, akaipiga teke mara nyingi kabla haijawaka, na akaenda. Kuku walirudi katikati ya ua.

Wale wawili wakabaki. Bibi Wankyo alikaa kwenye kigoda. Sasa dharau ilipokwisha kazi yake, hofu ilikuja kukaa mahali pake. Mavuno. Wazee. Shamba la chini na mawe yake. Bhoke aliyetolewa ng'ombe, na tumbo la Bhoke halina kitu.

"Mimi ndiye niliyemchagua," alisema baadaye. "Niliona kifua."

"Ulikiona," Bhoke alikubali.

"Sasa sijui nimwone nani. Ninakwenda kuwauliza wanawake wa kanisani."

"Mama." Bhoke alikaa chini kwenye jamvi, karibu na miguu yake. "Safari hii niulize mimi."

Bibi Wankyo alimgeukia. Ilikuwa kweli kwamba hakuwahi kumwuliza. Alimwuliza kama atakubali ndoa, alimwuliza kama amekula, alimwuliza kama mbuzi wamerudi. Hili hakumwuliza.

"Haya. Nakuuliza."

"Yupo mtu wa Kenyamonta. Nikodemo. Siku hizi anafyatua matofali huku kwetu, analeta gulioni kwa mkokoteni. Siku ile mvua iliponikuta na mzigo aliupakia wangu juu ya matofali yake, akasukuma mpaka mtoni, akaniachia, akaondoka. Hakuuliza jina. Nilimwita mimi nikamuuliza la kwake."

"Mke?"

"Alikufa na uzazi. Ana mtoto mmoja, analelewa na bibi yake."

"Kwa hiyo watoto anawajua." Bibi Wankyo akafikiri. "Na shangazi?"

"Kenyamonta ni mbali kwa shangazi wavivu."

"Dawa gani anameza?"

"Nilimwuliza kama anaumwa kitu. Alisema mgongo, na mgongo wenyewe akiulaza unapona."

Ilikuwa nzuri mno. Bibi Wankyo, ambaye alikuwa ameshaumwa na nyoka wa Makoye, aliona lazima atafute ubaya mahali fulani. "Na kichwani? Ana nywele?"

Bhoke alikaa akijaribu kukumbuka, uso umekunjamana. Alikumbuka mikono yenye udongo. Alikumbuka mkokoteni, mvua, kicheko chake. Akatikisa kichwa.

"Sikuangalia, mama."

Bibi Wankyo akashika magoti yake, akainuka, akaenda jikoni kutazama kama unga uliobaki utamtosha mgeni wa siku ya gulio.